Wanafunzi hutofautiana, ila si kwa "mtindo"

Kila nikiendesha semina ya walimu, hakosi mmoja wa kuniambia, "Mimi ni mtu wa kuona. Nikisikiliza tu, sishiki kitu." Jirani yake ni mtu wa kusikia, mwingine wa kugusa. Hata mimi napenda michoro. Lakini nadharia ya mitindo ya kujifunza haiishii kwenye kupenda: inadai kwamba ukifundishwa kwa mtindo wako utaelewa zaidi.

Dai hilo linapimika. Watenge wanafunzi kwa mitindo yao, kisha kila kundi ligawe: nusu wafundishwe kwa picha, nusu kwa maneno, wote wafanye mtihani uleule. Kama dai ni kweli, matokeo yatapishana: wa picha watafaulu zaidi kwa picha, wa maneno kwa maneno. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipekua tafiti wakitafuta upishano huo. Zilizopima kwa namna hii zilikuwa chache mno, na baadhi zilipingana na dai lenyewe.

Basi watu wote ni sawa? Hata kidogo. Mwaka 1904 Charles Spearman alionyesha kuwa anayefanya vizuri somo moja huelekea kufanya vizuri na mengine. Chanzo cha mwelekeo huo akakiita g, yaani akili ya jumla. Baadaye Raymond Cattell aliigawa akili mbili: ile inayopambana na jambo geni, na ile iliyojengwa na uliyokwisha kujifunza. Ya kwanza huanza kushuka mapema utu uzimani. Ya pili huendelea kukua kwa miaka mingi.

Darasani mimi huiangalia hiyo ya pili. Anayeanza aljebra husaidiwa sana na mfano uliokokotolewa hatua kwa hatua, kwa kuwa akili hushika vitu vichache tu kwa wakati mmoja, na kwake kila alama ni mzigo. Mpe mzoefu mfano huohuo, utamchelewesha: anasoma asichohitaji huku akikilinganisha na anachokijua. Mwaka 2003 Slava Kalyuga, John Sweller na wenzao walikusanya ushahidi wa jambo hili, na hapa matokeo hupishana kweli.

Ndiyo maana mwalimu akiniomba dodoso la mitindo, namwambia atunge maswali matano ya mada ya wiki ijayo, awape wanafunzi kabla hajaanza kuifundisha.