Siku nyingi za antibiotiki hazimlindi zaidi aliyepasuliwa tumbo

Wengi huamini kwamba mtu aliyepasuliwa tumbo kwa dharura, tuseme kidole tumbo kimepasuka na usaha umesambaa, lazima atumie antibiotiki wiki moja hadi mbili, la sivyo maambukizi yatarudi. Hata madaktari waliishi na imani hiyo miaka mingi.

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa STOP-IT, uliohusisha wagonjwa 518 huko Marekani na Kanada. Kundi moja lilipewa dawa kwa takriban siku 4. Jingine liliendelea hadi siku 2 baada ya homa na dalili nyingine kuisha, kwa kawaida kama siku 8. Waliopata maambukizi ya kidonda, waliorudiwa na maambukizi tumboni au waliofariki walikuwa asilimia 21.8 katika kundi la siku 4, na 22.3 katika lile jingine. Hakuna tofauti ya maana.

Kazi kubwa hufanywa na mkono wa mpasuaji: kuziba tundu, kukata kilichooza, kutoa usaha. (Wote katika utafiti huo walikuwa wameshafanyiwa hivyo; kwa ambaye chanzo cha maambukizi yake hakijadhibitiwa, muda wa dawa ni suala jingine.) Ndiyo maana homa ikigoma kushuka siku ya 5, la kwanza ni kutafuta usaha uliobaki, mara nyingi kwa picha ya CT, kabla ya kurefusha dozi.