Ndoto ya Ndege Haitoshi: Dhana Potofu Kuhusu Wito wa Umisionari wa Ng'ambo

Katika makesha ya Ijumaa hapa Kisumu kuna unabii ambao kijana akiupokea hurudi nyumbani akiwa mtu mwingine: "Ninaona ukipanda ndege. Mungu anakupeleka kwa mataifa." Kanisa linashangilia, mama analia kwa furaha, na kuanzia siku hiyo kijana hataki tena kazi ya hapa. Anangoja. Nikiwa katika kamati ya misheni nimewaona wengi wakingoja hivyo, na baadhi yao kweli walikuwa na wito. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyewafundisha namna ya kuupima. Haya ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara, na ninavyoyajibu.

"Nimeota, tena nimetabiriwa. Basi nimeitwa."

Mungu husema kwa ndoto, sibishani na hilo. Paulo aliona maono usiku kule Troa, mtu wa Makedonia akimsihi avuke awasaidie. Lakini isome Matendo 16 polepole. Kabla ya maono hayo Paulo alikuwa tayari njiani akifanya kazi, na alikuwa amezuiwa mara mbili, kwanza Asia kisha Bithinia. Maono hayakumkuta amekunja mikono. Na ingawa aliyeona ni yeye peke yake, mstari wa 10 unaonyesha kuwa uamuzi aliufanya pamoja na wenzake. Walimsikia, wakapima, wakaona hakika kwamba ni Mungu.

Rudi nyuma kidogo, sura ya 13, kanisa la Antiokia. Barnaba na Sauli walikuwa wamefundisha katika kanisa hilo mwaka mzima. Watu waliwajua: hasira zao, uaminifu wao, jinsi walivyoshika fedha za msaada wa njaa walizopeleka Yerusalemu. Roho Mtakatifu aliposema watengwe kwa kazi, alisema viongozi wakiwa pamoja katika ibada na kufunga, wala si kwa Sauli chumbani kwake. Hata baada ya kusikia hawakukimbilia bandarini. Walifunga tena, wakaomba, wakawawekea mikono. Nasisitiza jambo hili kuliko yote yatakayofuata, kwa sababu hapa ndipo vijana wetu wengi wanapopotelea. Ndoto ipeleke kwa wazee wa kanisa kama jambo la kupimwa, usiipeleke kama hukumu iliyokwisha kutolewa. Na anayehama kanisa kila krusedi mpya inapopigwa uwanjani atamwomba nani amshuhudie? Nabii mgeni aliyekuona mara moja hawezi kusema kama unalipa madeni au kama unasema kweli.

Ndugu zetu Wakatoliki wamelijenga jambo hili katika utaratibu wao. Anayetaka kuwa mmisionari wa shirika hukutana na mkurugenzi wa miito, hupitia malezi na unovisi, yaani kipindi cha majaribio kabla ya nadhiri, na huweka nadhiri za muda kabla ya zile za daima. Ni miaka mingi ya kuangaliwa na kujiangalia. Sisi wa makanisa mengine tungefaidika sana kwa kujifunza subira hiyo.

"Viza imetoka. Mungu amefungua mlango."

Yona alishuka Yafa akaikuta merikebu iendayo Tarshishi, ikiwa tayari kuondoka, na nauli alikuwa nayo. Kila mlango ulikuwa wazi, naye alikuwa anamkimbia Mungu. Upande wa pili, Paulo anasimulia katika 2 Wakorintho 2 kwamba alipofika Troa alifunguliwa mlango na Bwana mwenyewe, lakini roho yake haikutulia kwa kuwa hakumkuta Tito, basi akaaga akaenda zake. Kwa hiyo mlango wazi ni habari njema inayostahili shukrani na uchunguzi, lakini peke yake hauthibitishi wito. Mlango uliofungwa nao hauthibitishi kwamba hukuitwa. Anayenyimwa viza leo asianze kuitilia shaka imani yake.

"Nina amani moyoni."

Yona pia alikuwa na utulivu, hata akalala usingizi mzito katikati ya tufani. Bwana Yesu katika Gethsemane alikuwa na huzuni kiasi cha kufa, na alikuwa katikati kabisa ya mapenzi ya Baba.

"Mmisionari ni Mzungu, na kazi yake ni kuhubiri."

Hili hatulisemi waziwazi, lakini linaonekana pale kanisa linapotoa sadaka kwa mgeni wa kutoka Marekani na kumpa binti yake mwenyewe maombi tu. Mmoja wa wale viongozi watano wa Antiokia alikuwa Lukio wa Kirene, mji ulioko Libya ya leo. Mwaka 1896 mwinjilisti Mganda, Apolo Kivebulaya, alitoka Uganda akaenda Mboga, upande wa Kongo. Alipigwa, akafungwa, akarudi tena kwa watu walewale, na huko ndiko alikofia mwaka 1933. Na hapa kwetu Nyanza, Waadventista walipoanza Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906, Arthur Carscallen wa Kanada hakuja peke yake. Alikuja na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Wangapi kati yetu tumefundishwa jina la pili?

Kuhusu kuhubiri, nenda Kaimosi. Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, Marafiki (Wakweka) wa Marekani, walifika huko mwaka 1902 na nia ya kuanzisha misheni ya kazi za mikono. Pakawa na kinu cha kupasulia mbao kilichoendeshwa kwa nguvu za maji, na mwaka uliofuata akaja daktari, Elisha Blackburn. Injili ilisikika kupitia shule, zahanati na msumeno, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Hotchkiss naye hakuwa mgeni wa Afrika. Alikuwa amehudumu Ukambani na Africa Inland Mission, misheni ambayo mwanzilishi wake Peter Cameron Scott alifariki mwaka 1896, mwaka mmoja tu baada ya kuianza. Hotchkiss aliyajua makaburi ya wenzake, na bado alirudi.

Maana ya haya kwa kijana wa leo ni kubwa. Ziko nchi nyingi zisizotoa viza ya umisionari kabisa, lakini zinahitaji muuguzi, mwalimu, mhasibu, fundi wa maji. Paulo alishona hema Korintho. Ila ukienda kama muuguzi, uwe muuguzi kweli, mwenye leseni na anayefika zamu kwa wakati. Kazi ya kusingizia huharibu jina la Bwana upesi kuliko mahubiri mabaya.

"Anayeitwa huacha yote, hata wazazi na madeni."

Katika Marko 7 Yesu anawakemea watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama. Huo ndio mtego wa ucha Mungu unaotunyemelea sisi. Katika familia nyingi za huku, mtoto wa kwanza aliyesomeshwa kwa harambee ndiye anayebeba karo ya wadogo zake. Kumwambia mama "Mungu ameniita" na kumwachia mzigo huo usiku mmoja si imani. Keti na wazazi, na baba wadogo na shangazi wakiwepo, mzungumze nani atabeba nini na kwa muda gani. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, nao usiutoroke. Panga malipo kabla ya kuondoka. Nimeona mazungumzo ya namna hii yakichukua zaidi ya mwaka, na mzazi aliyekuwa mpinzani mkubwa akawa ndiye anayeombea safari kwa bidii kuliko sisi sote.

Kwa walio katika ndoa, jambo hili ni zito zaidi. Mmisionari Mwingereza William Carey anasifiwa, na anastahili, kwa kazi yake India kuanzia mwaka 1793. Lakini mkewe Dorothy hakutaka kwenda, akakubali dakika za mwisho kabisa. Mtoto wao Peter alikufa mwaka uliofuata, na Dorothy akapoteza akili hadi alipofariki mwaka 1807. Mchungaji yeyote anayemhimiza mume aende kwanza na mke "atafuata tu kwa imani" aisome habari hiyo hadi mwisho. Ikiwa mmoja bado hajaona, wote wawili wangoje.

"Nikifika huko nitaanza."

Kijana akiniambia ana mzigo wa India, namuuliza amezungumza mara ngapi na wenye maduka wa Kihindi hapa Oginga Odinga Street, watu ambao wameishi mji huu tangu zama za reli. Mara nyingi ni kimya. Kijana wa Nakuru mwenye mzigo wa Wasomali namuuliza kama ana rafiki Msomali, rafiki wa kweli wa kula naye, bila haraka ya kumgeuza. Je, ukikaa Turkana au Pokoti mwaka mmoja, ule wanachokula, ujifunze lugha yao kutoka kwa watoto na uchekwe unapokosea, utataka kuendelea? Chuo cha Wamisionari cha AIC (Africa Inland Church) kule Eldoret kinawaandaa watu kwa kuvuka tamaduni, na maandalizi ya namna hiyo si upungufu wa upako. Wengine wakishaonja hugundua kwamba wito wao ni wa kuwa watumaji: kutoa kila mwezi, kuandika barua, kumpokea mmisionari anaporudi amechoka. Antiokia ilihitaji waliobaki.

"Shirika litanilipa mshahara, nitume ada tu."

Mashirika mengi ya misheni ya Kiprotestanti hayatoi mshahara. Mmisionari hukusanya wafadhili wake mwenyewe, makanisa na marafiki wanaoahidi kiasi fulani kila mwezi, na kazi hiyo inaweza kuchukua miaka. Shirika la kweli litataka barua ya mchungaji wako, litakuhoji mara kadhaa, litauliza afya yako na madeni yako, na litakueleza mapema gharama za mafunzo ni zipi na zinalipwa wapi. Anayekuahidi viza ya umisionari kwa wiki mbili ukituma pesa kwa simu ya mtu binafsi, anayetaka kushika pasipoti yako, au anayekusihi usimwambie mchungaji, usimtumie hata shilingi. Na kama "misheni" hiyo imegeuka kuwa kazi ya nyumbani au ya kompyuta katika nchi ya mbali, wakala huyo anatakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Ulizia jina lake huko kabla hujasaini chochote, na umwonyeshe mchungaji wako karatasi zote.