Kuzeeka vyema: kwa kipimo cha nani?

Alfajiri kwenye njia za milimani kule Lushoto unaweza kupishana na wazee wawili waliokula chumvi sawasawa. Mmoja ni mwalimu mstaafu, kavaa raba, anatembea kwa sababu daktari kamwambia sukari imepanda. Wa pili ni bibi mwenye kata kichwani na mzigo wa kuni juu yake, anapanda kilima hichohicho kwa sababu bila kuni hakuna chai. Dodoso la afya litawaandika wote kuwa wanautumia mwili vizuri. Ila waulize kuzeeka vyema ni nini. Mwalimu anaomba aendelee kutembea. Bibi anaomba siku moja asitembee.

Kitaalamu, dhana hii ilivuma kupitia Wamarekani wawili, John Rowe na Robert Kahn. Mwaka 1987 walisema udhaifu wa uzeeni hautokani na umri peke yake. Mwaka 1997 wakataja vigezo vitatu: kuepukana na maradhi na ulemavu, akili na mwili kubaki na nguvu, na mtu kuendelea kujishughulisha na maisha. Si vigezo vibaya, lakini vinamsahau kuli. Goti lake halikuharibiwa na uvivu. Limekwisha kwa magunia aliyobeba bandarini tangu ujana. Shirika la Afya Duniani lilisogea kidogo mwaka 2015, liliposema cha kutazama ni uwezo wa mzee kufanya yale anayoyathamini, na mazingira yake yahesabiwe.

Sasa anathamini nini? Hapo ndipo kipato na kazi aliyofanya mtu vinapojitokeza. Mwenye pensheni na bima hujisifu: "Mie simsumbui mtoto." Kwa mkulima ambaye kiinua mgongo anakisikia kwa jirani, maneno hayo yanatia huruma, atadhani watoto wamemtupa mwenzake. Yeye akiletewa kilo mbili za sukari na kitenge, tena majirani wakaona, anasema "wanangu wananiangalia", na hilo ni neno la fahari. Kutegemea watoto kwa mmoja ni aibu, kwa mwingine ni mavuno.

Umaskini huchora hata sura ya uzee. Usukumani kuna vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, kisa macho mekundu. Wekundu huo mara nyingi ni wa moshi wa kuni na samadi kavu walizopikia maisha yao yote. Aliyepikia gesi huzeeka na macho yake meupe, wala hakuna anayemshangaa.

Zanzibar ilianza pensheni jamii Aprili 2016: kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, awe aliwahi kuajiriwa au alikuwa mvuvi tu, alipwe, kwa wakati huo, shilingi 20,000 kwa mwezi. Zilikuwa hela ndogo, mtu akiugua hazikufika mbali. Hata hivyo, mzee aliyezoea kukaa kimya daftari la michango ya msiba linapopita, sasa anaweza kufungua pindo la kanga, akatoa noti yake na kusubiri jina lake liandikwe.