Nyenje bubu wa lava ya Hawaii

Lava ikishapoa na kuwa mwamba mweusi mtupu, wengi tungedhani uhai wa kwanza kuonekana juu yake ni kuvu au majani. Kwenye miteremko ya volkano ya Kīlauea, kisiwani Hawaii, nyenje huwahi kuliko majani. Miezi michache tu baada ya lava kutulia, Caconemobius fori keshahamia kwenye nyufa zake. Wenyeji humwita ʻūhini nēnē pele, yaani nyenje wa lava. Pele pia ni jina la mungu wao wa kike wa volkano.

Nyenje tuliowazoea huimba kwa kusuguanisha mabawa ya mbele. Huyu hana mabawa, basi hana wimbo. Usiku hutamjua kwa sikio: utainama na tochi juu ya ufa, mara kitu kidogo cheusi kiruke na kupotelea gizani. Mchana hatoki, maana jua la pale juu lingemkausha, ilhali chini ya nyufa kuna ubaridi na unyevunyevu.

Sasa anakula nini mahali pasipo hata jani? Upepo ndio unaomlisha. Huokota vipande vya majani na mizoga ya wadudu kutoka misitu ya jirani, kisha huviangusha juu ya mwamba, navyo hunasa kwenye nyufa. Mtaalamu wa wadudu Francis Howarth aliueleza mfumo huu mwaka 1979, na kwangu mimi ndio utamu wa habari yote: uhai hapa haukuanza kwa mmea, ulianza kwa mabaki.

Ukitaka kujua ujuzi huo ulitoka wapi, shuka pwani. Kati ya mawe yanayorushiwa maji na mawimbi anaishi ndugu yake, Caconemobius sandwichensis, naye pia hana mabawa na hula kinacholetwa na bahari. Wataalamu huona kuwa ukoo huu ulianzia ufukweni, ndipo wengine wakapanda kwenye lava na wengine wakaingia mapangoni. Aliyezoea kungoja wimbi hakupata taabu kubwa kungoja upepo.

Moto wa volkano haumfukuzi nyenje huyu. Mimea ndiyo humfukuza. Mikangaga na mimea mingine midogo ikishaota, kisha miti ya ʻōhiʻa ikatia kivuli, nyenje hutoweka. Wanaomtafuta huacha mwamba huo wa zamani na kwenda kwenye lava mpya zaidi.