Je, wajua kwa nini timu ya hoki humtaka mchezaji asiyecheza tena?

Shea Weber, beki wa Kanada, alikuwa na shuti la kutisha. Mwaka 2015, kwenye mashindano ya ufundi ya wachezaji nyota wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni huko Amerika Kaskazini, kisahani alichokipiga (huko ndicho mpira) kilipimwa kikienda karibu kilomita 175 kwa saa. Mara yake ya mwisho kuingia uwanjani ilikuwa Julai 2021, akiwa nahodha wa Montreal kwenye fainali ya Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi hiyo. Majeraha ya mguu na goti yalimmaliza.

Cha ajabu, hapo ndipo safari zake zilipoanza. Mwaka 2022 alihamishiwa Las Vegas, 2023 Arizona, 2024 Utah baada ya klabu ya Arizona kuhamia huko, na 2025 Chicago. Klabu zote hizo hakuzichezea hata dakika moja. Katikati ya safari hizo, mwaka 2024, akaingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa Hoki huku mkataba wake ungali hai.

Kwetu sisi tuliozoea usajili wa Simba na Yanga, timu ikimtaka mtu inamfuata na fedha. NHL hawaendi hivyo. Klabu hubadilishana mchezaji kwa mchezaji, au mchezaji kwa zamu ya kuchagua vijana wapya, na mkataba unahama na mwenyewe kama ulivyo, na miaka yake yote iliyobaki. Anayempokea mchezaji anapokea na deni lake.

Sasa, mkataba wa huko una namba mbili, na biashara yote imejificha kati ya hizo mbili. Msimu mzima wa 2004/05 ulifutwa kwa mgogoro wa mishahara kati ya wamiliki na wachezaji. Walipopatana, likaja sharti: jumla ya mishahara ya kila timu isizidi kikomo fulani, na isishuke chini ya kima fulani. Kikomo kilianza na dola milioni 39. Msimu wa 2025/26 ni milioni 95.5. Lakini kinachohesabiwa siyo mshahara wa mwaka husika. Ligi huchukua fedha zote za mkataba, ikazigawa kwa idadi ya miaka.

Weber alisaini mwaka 2012: dola milioni 110 kwa miaka 14. Kwenye daftari la ligi, hiyo ni takriban milioni 7.86 kila mwaka. Mfukoni, alilipwa milioni 14 kwa kila mmoja wa miaka minne ya mwanzo, na mkiani zikabaki milioni moja moja. Philadelphia ndio walioiandika ofa hiyo hivyo, ili Nashville, klabu yake, washindwe kuifikia. Nashville wakajikaza, wakalipa kiasi hichohicho, wakabaki naye.

Miaka kumi baadaye mkia huo ukawa mali. Vegas walikuwa wamejaza mastaa hadi kwenye kikomo, na kanuni ya wakati huo ilisema mchezaji akiwa majeruhi wa muda mrefu, timu inaweza kuvuka kikomo kwa kiasi kinachokaribia namba yake ya kwenye daftari. Wakamtoa Evgenii Dadonov, mshambuliaji mzima wa afya wa dola milioni 5, wakapokea majeruhi. Arizona shida yao ilikuwa kinyume kabisa. Walikuwa wakichezea uwanja wa chuo kikuu wenye viti 5,000 hivi, fedha za mastaa hawana, na msimu wa 2022/23 kima cha chini kilikuwa milioni 61. Weber aliwajazia daftari kwa bei poa, na Vegas wakaongezea zamu ya kuchagua kijana, bakshishi ya kuwashukuru kwa kuwatua mzigo.

Arizona walishaizoea kazi hiyo. Mwaka 2016 Pavel Datsyuk aliamua kurudi kwao Urusi akiwa amebakiza mwaka mmoja Detroit. Kwa kuwa mkataba wake ulianza akiwa ameshafika miaka 35, kuondoka kwake hakukuifuta namba yake ya milioni 7.5. Detroit wakawapa Arizona namba hiyo pamoja na zamu ya 16 ya kuchagua vijana, wakachukua zamu ya 20 na ya 53 na mchezaji mmoja. Datsyuk hakudai mshahara, kwa hiyo Arizona walipata milioni 7.5 za kwenye karatasi bila kutoa hata senti, na kwa zamu ile ya 16 wakamchukua beki Jakob Chychrun. Mimi nasema hiyo ndiyo biashara safi kuliko zote walizowahi kufanya.

Je, Weber si angestaafu tu yaishe? Angepoteza fedha zilizobaki. Tena ipo adhabu kwa klabu zilizonufaika na mikataba ya namna hiyo. Kipa Roberto Luongo alipostaafu mwaka 2019, Vancouver, waliomsainisha miaka 12 kisha wakamhamishia klabu nyingine, walikatwa zaidi ya dola milioni 3 za nafasi kwenye kikomo kwa misimu mitatu mfululizo. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haraka ya kumpelekea Weber karatasi ya kustaafu. Mkataba wake uliandikwa uishe katikati ya 2026, yeye akiwa na miaka 40.