Modeli ya dagaa kwenye simu ya bei nafuu

"Mwanangu, hiyo simu yako bado inafikiri tu?"

Mama aliyeniuliza hivyo anauza dagaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, na alikuwa na kila sababu ya kunicheka. Yeye anachota dagaa kiganjani, anawasugua, ananusa, tayari ameshajua kama walianikwa kwenye kichanja au walimwagwa mchangani. Mimi nimewapiga picha dagaa walewale ili modeli yangu, programu iliyojifunza kutoka kwenye picha, iseme kama wana mchanga au ni wasafi, na kale kaduara kanazunguka tu.

Kutuma picha mbali ikachambuliwe huko halikuwa wazo. Wanunuzi wengine wanafuata dagaa visiwani, upande wa Ukerewe, ambako mtandao unakuja na kuondoka kama upepo wa ziwa. Modeli ilipaswa kuishi ndani ya simu, tena simu ya kawaida.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza na VGG-16, modeli kubwa ya kutambua picha. Ina vigezo, yaani namba ilizojifunza, milioni 138. Kila kigezo kikikaa kwenye biti 32, yaani baiti nne, unapata megabaiti 552. Nani atamaliza bando lake kwa ajili ya kukagua dagaa?

Nikahamia MobileNet, ambayo watafiti wa Google waliitoa mwaka 2017. Toleo lake la kawaida lina vigezo milioni 4.2 hivi. Siri yake ni kuigawa mara mbili kazi ya konvolusheni, yaani kupitisha vichujio vidogo vya namba juu ya picha. Chukua tabaka, hatua moja ya modeli, linalopokea chaneli 64 (ramani 64 za picha, kila moja na sifa yake) na kutoa 128, kwa vichujio vya 3 kwa 3. Kwa njia ya kawaida unahitaji 9 × 64 × 128, yaani namba 73,728. MobileNet kwanza inapitisha kichujio kimoja kwenye kila chaneli peke yake, ambazo ni namba 576, halafu inazichanganya chaneli kwa vichujio vya 1 kwa 1, namba 8,192. Jumla 8,768. Umepunguza zaidi ya mara nane kabla hujabana chochote, na ndiyo maana huwa nasema ubanaji unaanza kwenye kuchagua umbo la modeli.

Halafu nikaingia kupogoa, yaani kuondoa vigezo visivyo na kazi kubwa, na hapo nilijidanganya vizuri sana. Wazo ni la zamani: mtafiti Yann LeCun na wenzake walilionyesha tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2015 Song Han na wenzake waliibana AlexNet, modeli nyingine ya picha, kutoka megabaiti 240 hadi 6.9, kwa kupogoa, kupunguza biti na kufunga namba kwa msimbo wa Huffman, unaozipa namba zinazojirudia sana alama fupi. Nami nikafyeka vigezo vidogovidogo, nikavifanya sifuri. Faili likabanika, nikafurahi. Kwenye simu? Kasi ileile. Sifuri zangu zilikuwa zimetawanyika ndani ya matriki, majedwali ya namba, na simu iliendelea kuzizidisha moja moja kwa uaminifu wote. Ilibidi nirudi nikate chaneli nzimanzima, kama mtu anayeondoa tawi badala ya kuchuma majani. Faili halikupungua sana kama mwanzo, lakini simu ikaanza kukimbia.

Kinachokula betri mara nyingi si hesabu yenyewe, ni kubeba namba kutoka kwenye kumbukumbu kuu. Kwenye chipu za nanomita 45, kusoma biti 32 kutoka DRAM, ndiyo kumbukumbu kuu hiyo, kunatumia pikojuli 640 hivi (kipimo kidogo sana cha nishati), wakati kujumlisha namba mbili za desimali za biti 32 ni pikojuli 0.9. Kwa hiyo kushusha kila kigezo kutoka biti 32 hadi 8 kunalipa mara mbili: faili linabaki robo, na mzigo wa kubeba unapungua vilevile.

Biti 8 zinakupa ngazi 256 tu. Lazima uamue ngazi hizo zianzie wapi na ziishie wapi kwenye kila tabaka, na uamuzi huo unatokana na picha chache za mfano. Picha zangu nilizipiga ofisini, chini ya taa, kwa kuwa nilikuwa mvivu wa jua. Tuseme namba zinazotoka tabaka fulani hazikuvuka 4 kwa picha zile; basi 4 ikawa dari. Kule mwaloni, saa saba mchana, jua linapiga mchanga, namba zikapanda juu ya dari na zote zikakatwa pale pale. Modeli ikaona dagaa wote ni wasafi. Yule mama alitazama simu, akanitazama mimi, akaendelea kupima kisado.

Nilirudi na picha za asubuhi, za mchana, za mawingu, za kivuli cha turubai, nikapima upya. Majibu sasa yanatoka kabla hajamaliza kunusa. Tabaka la mwisho tu nimeliacha kwenye biti 16. Nilipolishusha, dagaa wenye mchanga kidogo walianza tena kupita kama wasafi.