Majonzi na Hofu Baada ya Risasi Kulia Chuoni: Maelezo ya Mshauri Nasaha wa Mwanza

Kila habari ya mauaji ya risasi chuoni inapotufikia hapa Mwanza, iwe imetoka Marekani au kwingineko, wanafunzi wanaokuja ofisini kwangu huleta maswali ya aina mbili kwa pumzi moja. Huuliza waliokufa ni akina nani, walikuwa wakisoma nini, na wazazi wao wameipokeaje taarifa. Kisha, kabla sijajibu, huuliza kama jambo hilo linaweza kutokea hapa, katika hosteli za Nyegezi na vyumba vya kupanga vya Malimbe, ambako ulinzi wa usiku mara nyingi ni mzee mmoja mwenye tochi na rungu. Kazi yangu ni ushauri nasaha kwa wanafunzi wa vyuo, na msimamo wangu ni kwamba maswali haya, ingawa huja yameshikana, yanahusu mambo mawili yasiyotibiwa kwa dawa moja. La kwanza ni majonzi, nayo yanahitaji watu na muda. La pili ni hofu, nayo inahitaji taarifa za kweli na utaratibu unaojulikana na kila mtu. Chuo kinachojaribu kuituliza hofu kwa ibada ya kuwaombea marehemu, au kuyaponya majonzi kwa kuongeza walinzi getini, hakifanikiwi katika lolote kati ya hayo.

Kwetu sisi wa Afrika Mashariki kumbukumbu iliyo karibu zaidi si ya Marekani bali ya Garissa, nchini Kenya. Alfajiri ya Alhamisi tarehe 2 Aprili 2015, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, wapiganaji wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakati baadhi ya wanafunzi wakiwa kwenye sala na wengine wakiwa bado wamelala mabwenini. Hadi jioni watu 148 walikuwa wameuawa, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Miili ilipelekwa Nairobi kwa ajili ya utambuzi, na familia zilizotoka kila pembe ya Kenya zilisubiri huko kwa siku kadhaa. Wakenya wengi hawakutaka vijana wao wabaki kuwa tarakimu, wakaanza kusambaza majina na picha zao mtandaoni wakiwa hai, wakicheka, wakiwa wamevaa nguo za sherehe, na Jumanne iliyofuata walikusanyika Uhuru Park kuwasha mishumaa na kuyasoma majina hayo. Hayo yalikuwa majonzi yaliyopata njia yake. Huku kwetu pia yaliwagusa watu, na yakawa na uchungu wa namna nyingine mwaka 2019, mahakama ya Nairobi ilipowatia hatiani watu watatu kwa kushiriki katika njama ya shambulio hilo, mmoja wao akiwa kijana wa Kitanzania.

Yaliyofuata baada ya Garissa husimuliwa mara chache, na kwa maoni yangu yalistahili kufundishwa kwa kila mkuu wa chuo katika ukanda huu. Siku kumi baadaye, usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 12 Aprili, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko karibu na hosteli za kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walioamshwa na mshindo huo hawakuwaza umeme, waliwaza Garissa. Walikimbilia ngazi, wakakanyagana, na wengine wakaruka kutoka ghorofa za juu. Mwanafunzi mmoja alifariki na zaidi ya 100 walijeruhiwa, ilhali hapakuwa na mtu yeyote mwenye bunduki. Novemba ya mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Strathmore, pia cha Nairobi, kilifanya zoezi la kujiandaa dhidi ya shambulio, likiwa na milio ya risasi na watu waliojifanya washambuliaji, huku wengi waliokuwamo majengoni wakiwa hawajui kwamba ni zoezi. Watu waliruka madirishani, wengine wakajeruhiwa, na mfanyakazi mmoja wa chuo akapoteza maisha. Nia ya waandaaji ilikuwa njema, lakini mwili wa binadamu haupimi nia ya mtu. Ukisikia mlio unaofanana na wa risasi hukimbia kwanza, na akili hufuata baadaye.

Hapa ndipo sisi washauri tunapopaswa kusema wazi, hata kama tutawaudhi watu wa ulinzi. Zoezi la dharura katika chuo chenye vijana ambao wiki nzima wamekuwa wakitazama picha za maiti lisifanywe kwa kushtukiza. Tangazo litolewe siku kadhaa kabla, lirudiwe asubuhi ya siku yenyewe, milio ya bandia isitumike kabisa, na lengo liwe kuwafundisha watu njia za kutokea badala ya kupima ushujaa wao. Majengo yetu ya Mwanza yana mambo yake: mengi yamejengwa kwenye miteremko ya mawe, hosteli nyingine zina ngazi moja tu, na nyingi zina nondo madirishani na kufuli kubwa kwenye mlango wa chini ifikapo saa tano usiku. Mwanafunzi anayeishi humo ana haki ya kujua ufunguo wa kufuli hilo uko kwa nani. Ufunguo huo utamfaa siku ya moto, na hapa kwetu moto ni hatari iliyo karibu kuliko bunduki.

Hilo la hatari naomba nilieleze kwa uangalifu, kwa sababu kuwaambia wanafunzi kwamba wasiogope bila kuwapa sababu ni kuwadharau. Mashambulio ya vyuoni hayafanani. Lile la Garissa lilikuwa la kundi lenye silaha na siasa zake. Mengi ya Marekani hufanywa na mtu mmoja, mara nyingi mwenye uhusiano wa namna fulani na mahali anaposhambulia, katika nchi ambako makadirio yanaonyesha bunduki za raia zinafika takriban 120 kwa kila watu 100. Hata hivyo jambo hili si la Marekani pekee: mwaka 1989 mtu mwenye bunduki aliua wanawake 14 katika École Polytechnique ya Montreal, Kanada, na Desemba 2023 watu 14 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Charles mjini Prague. Tanzania ina sheria kali ya silaha ya mwaka 2015, na raia wenye bunduki ni wachache, kwa hiyo uwezekano wa mwanafunzi wa Malimbe kuingia darasani na bunduki ni mdogo mno. Sisemi kwamba risasi haijawahi kumfikia mwanafunzi wetu. Februari 2018, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala Kinondoni, wakati polisi wakitawanya waandamanaji. Wanafunzi wanaukumbuka msiba huo, na mshauri anayejifanya haukutokea huacha kuaminiwa papo hapo.

Kuaminiwa ndiko kunakoifanya taarifa iwe dawa. Huko Virginia Tech, chuo kikuu cha jimbo la Virginia nchini Marekani, tarehe 16 Aprili 2007, wanafunzi wawili walipigwa risasi bwenini mnamo saa moja na robo asubuhi. Barua pepe ya kwanza ya kuwatahadharisha wanachuo ilitumwa saa tatu na dakika 26. Dakika chache baadaye, mnamo saa tatu na dakika 40, muuaji yuleyule alianza kufyatua risasi katika jengo la madarasa la Norris, akaua watu wengine 30. Lawama juu ya ucheleweshaji huo zilichangia sheria ya nchi yao kurekebishwa mwaka 2008, ikavilazimu vyuo kutoa tahadhari mara tu hatari inapothibitika. Nasi tunapaswa kuamua mapema ni nani atakayesema kwanza, kwa njia gani, na ni nani atakayeshika nafasi yake akiwa safarini. Vyuo vingi hutegemea makundi ya WhatsApp ya madarasa, na humo sauti ya kiongozi wa darasa huchanganyika na ya mtu aliyetumiwa ujumbe na binamu yake asiyemjua aliyeuandika.

Na sauti inayoaminika si lazima iwe ya mwenye sare. Siku mbili baada ya shambulio la Garissa, msichana mmoja alipatikana akiwa hai amejificha ndani ya kabati. Waokoaji walipomwita atoke alikataa, akitaka uthibitisho kwamba kweli wao ni polisi, mpaka aliposhawishiwa na mmoja wa walimu wake. Ninapozungumza na wahadhiri huwasimulia kisa hiki, kwa sababu wengi wao hudhani kwamba masuala ya hofu ni ya ofisi yangu na ya polisi. Mwanafunzi aliyeogopa humsikiliza mtu ambaye amezoea kusikia sauti yake.

Kuhusu video, sina maneno mengi. Baada ya mabomu ya Boston Marathon ya mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliwachunguza Wamarekani katika miji mbalimbali, wakakuta kwamba waliofuatilia habari za tukio hilo kwa saa sita au zaidi kila siku katika wiki ya kwanza walikuwa na dalili kali zaidi za msongo kuliko hata watu waliokuwapo kwenye tukio lenyewe. Kijana aliyeko Butimba, akiwa na kifurushi cha intaneti cha usiku, anaweza kuumia kwa tukio lililotokea bara jingine. Anayekuja kwangu hajapata usingizi kwa siku kadhaa simkatazi kufuatilia habari. Tunakubaliana asome mara moja mchana, kwa maandishi, na simu ilale mbali na kitanda. Ujumbe unaotukuza jina na picha ya muuaji usisambazwe kabisa, kwa kuwa wapo wauaji waliowachunguza wenzao waliowatangulia na kutamani umaarufu uleule.

Nirudi kwenye majonzi, ambayo wasomi wenzangu huyapitia haraka kwa sababu hayana kanuni za kuandikwa kwenye kabrasha. Watu wa ziwa hili wanajua kuomboleza hadharani. Meli ya MV Bukoba ilipozama Mei 1996, na tena kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kikaua zaidi ya watu 220, hakuna aliyehitaji kufundishwa la kufanya. Watu walikwenda ufukweni, wakapika, wakachangishana sanda na mafuta ya mitumbwi, wakakaa na wafiwa hata pasipo la kusema. Wanafunzi wetu wamekulia katika desturi hiyo, na wanapowalilia vijana wa Garissa au wa Marekani hukosa mahali pa kuipeleka: hakuna nyumba ya msiba, hakuna mfiwa wa kumpa mkono. Ndiyo maana ninapendekeza chuo kiandae jioni moja ya kukaa pamoja, wenye dini zote na wasio na dini, majina ya marehemu yasomwe, kimya kiwepo, na atakaye kusema aseme. Mambo ya ulinzi yasijadiliwe jioni hiyo. Yapewe siku yake, na mtu wa kuyajibu.

Wala watu wasilazimishwe kusimulia. Zamani ilidhaniwa kwamba mtu aliyeshuhudia balaa akifanyiwa kikao kimoja cha kueleza kila alichokiona atapona upesi; utafiti haukuthibitisha hivyo, na Shirika la Afya Duniani halishauri tena vikao vya namna hiyo. Kinachoshauriwa ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo mwongozo wake wa mwaka 2011 unazungumzia kutazama, kusikiliza na kuunganisha: kutazama ni nani aliyeelemewa, kusikiliza bila kuchokonoa, na kumuunganisha mtu na ndugu, chakula, malazi au tabibu. Mwenza wa chumbani anaweza kuifanya kazi hiyo. Anayeendelea kukosa usingizi, kushtuka ovyo au kukwepa darasa kwa zaidi ya mwezi mmoja anahitaji mtaalamu, na hapo ndipo tunamwandikia rufaa ya hospitali.

Liko jambo moja la hofu ambalo hulisimamia kwa ukali. Baada ya Garissa, wapo wanafunzi Waislamu waliotazamwa kwa jicho baya na wenzao ambao jana yake walikula nao sahani moja, na kila baada ya habari ya Marekani mwanafunzi mpole anayependa kukaa peke yake hugeuka kuwa mtu wa kuangaliwa. Ukimya si dalili ya uuaji, na dini ya mtu si dalili ya lolote. Dalili inayostahili kupelekwa mahali ni tishio lililosemwa au kuandikwa, mpango uliotajwa, silaha iliyoonyeshwa, maneno ya kutaka kujiua. Uchunguzi wa mashambulio ya shuleni nchini Marekani umeonyesha mara nyingi kwamba mhusika alikuwa amemdokezea mtu fulani mapema. Jimbo la Virginia liliviamuru vyuo vyake vya umma, mwaka 2008, viwe na kamati ya kupima vitisho, ikiwa na watu wa ushauri, taaluma na ulinzi wanaokaa meza moja. Vyuo vyetu vinaweza kufanya hivyo bila bajeti mpya, kwa kuwa watu hao wote wameshaajiriwa. Kinachokosekana ni barua ya kuwateua na namba moja ya simu iliyobandikwa kila hosteli.

Wazazi nao hupiga simu, kutoka Sengerema, Geita, hata Kigoma: «Mwalimu, nimrudishe mtoto nyumbani?» Nikishahakikisha kwamba chuoni hakuna tishio, huwajibu kwamba hakuna sababu ya kumrudisha, na kwamba wampigie jioni kwa saa inayojulikana badala ya kumpigia kila baada ya kipindi. Mzazi aulize kwanza mtoto amelalaje na amekula nini, amwache ataje mwenyewe habari za risasi akitaka, na kama atazitaja, amwulize anafahamu wapi ulipo mlango wa pili wa hosteli yake. Wengi hawaufahamu, na wiki hiyo huenda kuutafuta.